Uchaguzi wa naibu gavana wa Virginia, 1985: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ni uchaguzi upi huu, na kwa nini bado unazungumzwa?

Jumanne, Novemba 5, 1985, wapiga kura wa jimbo la Virginia nchini Marekani walimchagua Lawrence Douglas Wilder wa chama cha Democratic kuwa naibu gavana wao. Alimshinda John Chichester wa chama cha Republican. Wote wawili walikuwa maseneta wa jimbo, wakikaa katika ukumbi mmoja mjini Richmond.

Wilder ni mjukuu wa watumwa. Babu na bibi yake upande wa baba walizaliwa utumwani hapo hapo Virginia. Richmond, mji aliozaliwa na kukulia, ulikuwa makao makuu ya majimbo ya kusini kwa karibu muda wote wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, majimbo yaliyojitenga ili utumwa usiguswe. Kabla ya siku hiyo ya 1985 hakuna mtu mweusi aliyekuwa amepewa wadhifa wowote kwa kura za jimbo zima la Virginia. Miaka minne baadaye Wilder akawa gavana, na wengi huanzia hadithi pale. Sisi tunaona kazi yenyewe ilifanyika 1985, na majibu yaliyo hapa chini yanaeleza kwa nini.

Matokeo yalikuwaje?

Wilder alipata takribani kura 685,000, sawa na asilimia 51.8. Chichester alipata takribani 637,000, asilimia 48.2. Walipishana kwa kura 48,000 na ushei, katika jumla ya kura zaidi ya milioni 1.3.

Ili kuzielewa namba hizo, zitazame pamoja na matokeo mengine mawili ya siku ile ile. Gerald Baliles wa Democratic alichaguliwa gavana kwa asilimia 55 na kidogo, akimshinda Wyatt Durrette. Mary Sue Terry, wa chama hicho hicho, alichaguliwa mwanasheria mkuu kwa zaidi ya asilimia 61, akiwa mwanamke wa kwanza kushinda wadhifa wa jimbo zima Virginia. Kwa hiyo chama kilibeba nafasi zote tatu, lakini Wilder alikuwa nyuma ya wenzake wote wawili. Wapo wapiga kura waliompa Baliles na kumpa Terry, kisha wakafika kwenye jina la Wilder wakageukia upande wa pili au wakaacha wazi. Kura zilizopigwa kwa nafasi ya naibu gavana zilikuwa pungufu kuliko za gavana kwa takribani 20,000.

Naibu gavana wa Virginia hufanya kazi gani hasa?

Kazi ni chache. Kikatiba ana mbili za msingi: kuongoza vikao vya seneti ya jimbo yenye maseneta 40, na kuchukua nafasi ya gavana ikiwa wazi. Hana wizara wala bajeti ya kugawa. Kazi yenyewe huhesabiwa kuwa ya muda, na manaibu wengi huendelea na shughuli zao nyingine.

Hapigi kura katika seneti isipokuwa kura zikilingana. Hata hapo kuna kizuizi ambacho watu wengi hawakijui. Katiba ya Virginia inataka miswada ya kodi, ya matumizi ya fedha za umma na ya madeni ipitishwe na wingi wa wajumbe wote waliochaguliwa katika kila baraza. Naibu gavana si mjumbe wa seneti. Kwa hiyo maseneta wakigawanyika 20 kwa 20 juu ya bajeti, kura yake haiwezi kuipitisha. Katika miswada ya kawaida, kura yake ndiyo huamua.

Mtu aweza kuuliza: kama kazi ni ndogo hivyo, watu wanagombania nini? Wanagombania nafasi ya kupigiwa kura na jimbo zima. Gavana wa Virginia haruhusiwi kuongoza vipindi viwili mfululizo, hivyo kila baada ya miaka minne kiti kinakuwa wazi. Naibu gavana hana ukomo huo, na tayari jina lake limeshapita katika kila kituo cha kupigia kura. John Dalton, Charles Robb, Tim Kaine na Ralph Northam wote walipitia unaibu kabla ya ugavana. Wapo pia walioishia njiani: Don Beyer alikuwa naibu kwa vipindi viwili, akagombea ugavana 1997, akashindwa.

Je, ni sawa na naibu gavana wa kaunti nchini Kenya?

Hapana, na hii ndiyo tofauti inayowachanganya zaidi wasomaji wa Afrika Mashariki. Chini ya katiba ya Kenya ya 2010, mgombea ugavana humteua mgombea mwenza. Gavana akishinda, naibu ameshinda. Mpiga kura hana karatasi ya kumchagua naibu peke yake. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, gavana wa mkoa na naibu wake huchaguliwa na wabunge wa mkoa.

Virginia ni tofauti. Gavana, naibu gavana na mwanasheria mkuu kila mmoja huchaguliwa peke yake, na raia wenyewe. Jimbo linaweza kuwa na gavana wa chama hiki na naibu wa chama kile, na limewahi kuwa hivyo mara kadhaa. Mwaka 1971 hata mgombea huru, Henry Howell, alishinda unaibu katika uchaguzi mdogo baada ya naibu aliyekuwepo, J. Sargeant Reynolds, kufariki akiwa madarakani.

Yapo majimbo mengine ya Marekani yanayofuata mtindo wa tiketi moja unaofanana na wa Kenya, kwa hiyo usichukue sheria ya jimbo moja ukaibandika kwa lingine. Kwa uchaguzi wa 1985, tofauti hii ndiyo kiini cha mambo yote. Wilder hakubebwa na gavana. Kila kura aliyopata iliwekwa kwenye jina lake.

Kwa nini uchaguzi ulifanyika mwaka wa 1985, si 1984 au 1986?

Virginia huchagua viongozi wake wakuu katika mwaka wa witiri unaofuata uchaguzi wa rais: 1981, 1985, 1989 na kuendelea. Siku ni Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Kuapishwa ni Jumamosi baada ya Jumatano ya pili ya Januari. Kwa Wilder ilikuwa Januari 11, 1986.

Ratiba hiyo ilikuwa na uzito. Mwaka mmoja tu nyuma, Novemba 1984, Ronald Reagan aliichukua Virginia kwa asilimia 62. Kama nafasi hizi za jimbo zingekuwa kwenye karatasi moja na ya urais, Wilder angepambana na upepo mkali sana. Mwaka mmoja baadaye watu walikuwa wanahukumu utawala wa jimbo, na gavana aliyekuwa anaondoka, Charles Robb wa Democratic, alipendwa.

Wagombea walipatikanaje?

Kwa mikutano mikuu ya vyama. Virginia haiandikishi wapiga kura kwa chama, na wakati huo sheria yake iliviachia vyama vichague kati ya kura za mchujo na mkutano mkuu. Mwaka 1985 vyote viwili vilitumia mkutano.

Upande wa Democratic, naibu gavana aliyekuwepo, Richard Davis, aliutaka ugavana akashindwa na Baliles ndani ya chama. Kiti cha unaibu kikabaki wazi, na Wilder akateuliwa bila kupingwa. Wengine husoma hilo kama ishara kwamba chama kizima kilimpenda. Haikuwa hivyo. Baadhi ya wakubwa wa chama waliingiwa na hofu kwamba jina lake lingezama na meli yote. Lakini walikumbuka mwaka 1982, Owen Pickett alipoandaliwa kugombea useneta wa Marekani na kuusifia urithi wa kisiasa wa ukoo wa Byrd, waliolitawala jimbo kwa miongo kadhaa na kuongoza upinzani dhidi ya shule za pamoja kwa weusi na weupe. Wilder alitangaza kwamba Pickett akisimama, yeye atagombea kama mgombea huru. Kura za weusi zingeondoka naye. Pickett akajitoa. Baada ya hapo kumpuuza Wilder kulikuwa na gharama inayojulikana.

Upande wa Republican, Chichester alishindana na wenzake kadhaa, akiwamo Richard Viguerie, aliyejulikana nchi nzima kwa kuchangisha fedha za wahafidhina kwa njia ya barua. Chichester akashinda, ila alitoka kwenye mkutano huo akiwa na chama kilichohitaji kuunganishwa upya.

Wilder alikuwa nani kabla ya 1985?

Alizaliwa Januari 17, 1931, Richmond, katika mtaa wa Church Hill. Alisoma kemia Virginia Union University, chuo cha weusi, akamaliza 1951. Alipigana vita vya Korea na kutunukiwa nishani ya Bronze Star. Alitaka kusomea sheria, lakini vyuo vikuu vya jimbo lake havikuwa njia iliyo wazi kwa watu weusi, akaenda Howard University jijini Washington, akahitimu 1959, kisha akarudi kufungua ofisi ya uwakili nyumbani.

Desemba 1969 alishinda uchaguzi mdogo wa seneti ya jimbo dhidi ya wazungu wawili waliogawana kura. Kiti kiliachwa na yule yule Reynolds, aliyekuwa amechaguliwa naibu gavana. Wilder akawa mtu mweusi wa kwanza katika seneti ya Virginia tangu enzi ya Ujenzi Mpya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hotuba yake iliyokumbukwa zaidi ya miezi ya mwanzo ilidai wimbo wa jimbo uondolewe, kwa kuwa maneno yake yalimweka mtumwa akiililia nyumba ya bwana wake. Wimbo huo ulivuliwa hadhi 1997.

Kwa miaka mingi pia alipigania sikukuu ya Martin Luther King. Ilipopatikana 1984, iliunganishwa na siku iliyokuwapo ya majenerali wawili wa jeshi la kusini, Lee na Jackson. Watu watatu hao waliadhimishwa siku moja hadi mwaka 2000. Jambo hilo moja linaonyesha Wilder alikuwa anaomba kura katika jimbo la namna gani.

Na Chichester?

Alikuwa mfanyabiashara wa bima kutoka eneo la Fredericksburg, seneta tangu 1978. Hakuwa mtu wa kelele. Baada ya kushindwa alirudi seneti, akakaa mpaka 2008, akaja kuongoza kamati ya fedha na kuwa kiongozi mwenye uzito mkubwa katika bajeti za jimbo, hata akakubali kupandisha kodi mwaka 2004 huku wenzake wengi wa chama wakipinga. Kumtaja tu kama mtu aliyeshindwa na Wilder ni kumpunja.

Kwa nini wengi waliamini Wilder hawezi kushinda?

Kwa hesabu na kwa historia.

Katika sensa ya 1980 Virginia ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3, na weusi walikuwa karibu asilimia 19. Hakuna njia ya kufika nusu kwa kura hizo peke yake.

Historia ilikuwa nzito zaidi. Katiba ya jimbo ya 1902 iliweka kodi ya kupigia kura: dola 1.50 kwa mwaka, na ilipaswa kuwa imelipwa kwa miaka mitatu iliyotangulia. Kodi hiyo, pamoja na masharti mengine ya uandikishaji, iliwafuta weusi wengi kwenye daftari, na wazungu maskini pia. Marekebisho ya 24 ya katiba ya Marekani, 1964, yaliiondoa katika chaguzi za kitaifa, lakini katika chaguzi za jimbo iliendelea hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipoibatilisha mwaka 1966, katika kesi iliyoanzia Virginia yenyewe. Wilder alikuwa na miaka 35. Kaunti ya Prince Edward ilifunga shule zake zote za umma tangu 1959 hadi 1964 ili watoto weusi na weupe wasikae darasa moja. Watu waliofanya uamuzi ule, na watoto waliokosa shule kwa ajili yake, wengi walikuwa bado hai na walikuwa wapiga kura mwaka 1985.

Wajumbe wa kwanza weusi walikuwa wamerudi katika bunge la jimbo mwishoni mwa miaka ya 1960 tu, na kutoka wilaya za mijini zenye weusi wengi. Kushinda Richmond ni jambo moja. Kushinda milima ya kusini-magharibi ambako weusi ni wachache mno ni jambo lingine.

Basi alishindaje?

Kwa mambo manne yaliyofanya kazi pamoja. Ukiondoa moja, huenda angeshindwa.

La kwanza ni ziara. Kiangazi cha 1985 alipanda gari la stesheni wagoni akazunguka jimbo zima: kaunti zote 95 na miji yote 41 inayojitegemea. Aliianzia kwenye pembe ya kusini-magharibi, upande wa Cumberland Gap, mahali ambapo mshauri wa kawaida angemwambia asipoteze mafuta. Faida ilikuwa mbili. Wenyeji walimwona ana kwa ana na kumpa mkono, na hofu ya jina la mbali ikapungua. Halafu kila kituo kiliandikwa na gazeti la pale na kutangazwa na redio ya pale, bure. Katika miji midogo ambako mgombea wa jimbo hafiki kwa miaka, kufika kwake peke yake kulikuwa habari ya ukurasa wa mbele.

La pili ni matumizi ya fedha. Wilder na msimamizi wa kampeni yake, Paul Goldman, waliendesha ofisi ndogo kupita kiasi na kuilinda akiba kwa ajili ya televisheni ya wiki za mwisho. Hapa ndipo kampeni nyingi za nafasi za chini huharibikia. Fedha huishia kwenye mishahara, ofisi za mikoani na mabango, kisha Oktoba ikifika hakuna kitu. Chichester alichelewa kupanda hewani. Alipoanza kujibu, picha ya Wilder ilikuwa imeshakaa vichwani mwa watu.

La tatu ni tangazo lenyewe. Lililokumbukwa zaidi lilimwonyesha askari polisi mzungu wa Kenbridge, mji mdogo wa kaunti ya Lunenburg katika eneo la mashamba ya tumbaku. Hakuwa mtu maarufu. Alikuwa na sare yake, na lafudhi nzito ya vijijini kusini ambayo hakuna mwigizaji angeweza kuighushi, akisema kwa nini anamuunga mkono Wilder. Fikiria nani alikuwa akilitazama. Mpiga kura mzungu wa kijijini, aliyezoea kuambiwa kwamba wanasiasa weusi ni walegevu kwa wahalifu, anamwona mtu anayefanana naye na kusema kama yeye, tena askari, akiweka heshima yake pale. Hakuna neno hata moja kuhusu rangi lililohitajika.

La nne ni maneno aliyochagua. Wilder hakuomba kura kwa sababu ya kuwa mtu mweusi wa kwanza. Alizungumzia miaka 16 ya useneta, vita vya Korea, na kuendeleza kazi ya utawala wa Robb. Republican nao walibaki na tatizo gumu: kila shambulio dhidi yake lilihatarisha kuonekana ni la ubaguzi, na wapiga kura wa vitongoji vya kaskazini, karibu na Washington, hawakutaka kuhusishwa na siasa hizo tena. Kampeni ya Chichester ikapooza katikati ya kushambulia na kunyamaza.

Alihitaji kura ngapi za wasio weusi?

Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe, na ni bora kuliko kukariri makadirio ya watu.

Chukua kura zote, takribani 1,322,000. Tuseme weusi walijitokeza kwa kiwango cha idadi yao, asilimia 19. Hizo ni kura 251,000. Tuseme kila mmoja wao, bila kukosa hata mmoja, alimpigia Wilder. Toa 251,000 kwenye 685,000 zake: zinabaki 434,000. Wapiga kura wasio weusi kwa dhana hiyo ni 1,071,000. Gawanya. Unapata zaidi kidogo ya asilimia 40.

Na hayo ni makadirio ya chini. Si kila mpiga kura mweusi alimpigia, na mara nyingi uwiano wao kati ya waliojitokeza ulikuwa mdogo kuliko uwiano wao katika sensa. Ukishusha asilimia 19 iwe 17, na ukikubali wachache walienda kwa Chichester, unafika kwenye asilimia 43 au 44. Kwa hiyo kati ya wazungu kila kumi waliopiga kura, wanne na zaidi walimchagua. Wanaosema alishinda kwa kura za weusi tu wamekosea hesabu. Wanaosema kura za weusi hazikuwa na maana wamekosea zaidi, maana kati ya wasio weusi alishindwa.

Ni kweli kulikuwa na mafuriko siku hiyo?

Ndiyo. Mvua kubwa ya mwanzo wa Novemba 1985 ilifurika mto Roanoke tarehe 4, siku moja kabla ya kura, na kuleta vifo na uharibifu katika bonde la Roanoke na milima ya magharibi. Wenyeji mpaka leo huyaita mafuriko ya Siku ya Uchaguzi. Ukilinganisha idadi ya waliojitokeza magharibi mwaka huo na miaka mingine, kumbuka barabara zilikuwa chini ya maji kabla hujaanza kutafuta sababu za kisiasa.

Je, Wilder alikuwa naibu gavana mweusi wa kwanza Marekani?

Hapana, na kosa hili limeenea mno. Wa kwanza alikuwa Oscar Dunn wa Louisiana, aliyechaguliwa 1868. Baada yake P. B. S. Pinchback alishika unaibu wa Louisiana, na kuanzia Desemba 1872 hadi Januari 1873 alikaimu ugavana kwa takribani wiki tano, gavana alipokuwa anashitakiwa bungeni. South Carolina na Mississippi pia zilikuwa na manaibu weusi miaka ile ya 1870. Kisha utawala wa weupe ukarudi kwa nguvu, na mlango ukafungwa kwa karibu karne.

Ulifunguliwa tena 1974, walipochaguliwa Mervyn Dymally huko California na George Brown huko Colorado. Hayo si majimbo ya kusini. Sifa sahihi ya Wilder ni hii: mtu mweusi wa kwanza tangu enzi ya Ujenzi Mpya kushinda wadhifa wa utendaji wa jimbo zima katika kusini. Usiliache neno la utendaji, kwa sababu majaji weusi walikuwa wameshachaguliwa na majimbo mazima ya kusini kabla yake. Alabama ilimchagua Oscar Adams katika mahakama yake ya juu mwaka 1982.

Nani alistahili sifa za ushindi?

Hilo liliwagombanisha Wilder na Robb. Baada ya uchaguzi, watu wa upande wa Robb walidokeza kwamba umaarufu wa gavana ndio uliombeba naibu. Wilder hakulikubali kabisa, na barua kali za Robb kwake zikaja kufichuka magazetini 1986. Maoni yetu ni kwamba Robb alitengeneza hali nzuri kwa wagombea wote watatu, na matokeo ya Baliles na Terry yanalithibitisha. Lakini hali hiyo hiyo ilimwacha Wilder nyuma ya Baliles kwa zaidi ya pointi tatu na nyuma ya Terry kwa karibu pointi kumi. Pengo hilo alilipunguza yeye mwenyewe, kwa gari lake na kwa matangazo yake.

Unaibu ulimsaidiaje 1989?

Ulimfanya asiwe mgeni tena. Chama kilimteua kugombea ugavana bila kupingwa, na alimshinda Marshall Coleman kwa kura 6,741 tu baada ya kuhesabiwa upya, kati ya takribani milioni 1.79. Makadirio ya usiku wa uchaguzi, yaliyotokana na kuwahoji watu wakitoka vituoni, yalikuwa yamempa uongozi mkubwa zaidi. Tofauti hiyo ilizaa mjadala mrefu kuhusu wazungu wanaomwambia mhoji jambo moja na kupiga kura nyingine.

Januari 13, 1990, aliapishwa na Lewis Powell, jaji mstaafu wa Mahakama Kuu ya Marekani na mwenyeji wa Virginia. Akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa gavana katika historia ya Marekani. Neno kuchaguliwa lisiachwe, kwa sababu ya Pinchback. Baadaye, 2005 hadi 2009, alikuwa meya wa Richmond.

Baada yake nani mwingine mweusi alishinda jimbo zima Virginia?

Ilichukua muda mrefu. Justin Fairfax alichaguliwa naibu gavana 2017. Alifuatiwa na Winsome Sears wa Republican, mzaliwa wa Jamaika, aliyechaguliwa 2021 kuwa mwanamke wa kwanza katika wadhifa huo. Sears aligombea ugavana 2025 akashindwa na Abigail Spanberger, na unaibu ukaenda kwa Ghazala Hashmi, Mwislamu mzaliwa wa India.

Naishi Virginia lakini si raia. Naweza kumpigia kura naibu gavana?

Huwezi. Swali hili huulizwa na Waswahili wa Harrisonburg na Roanoke, wengi wao wakiwa wametoka Kongo. Kibali cha ukaazi wa kudumu hakitoshi. Lazima uwe raia wa Marekani, mwenye miaka 18, mkaazi wa Virginia, uliyejiandikisha. Ukiwa kwenye dawati la leseni ya udereva ukaulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura, na bado si raia, jibu hapana. Kujiandikisha kimakosa kunaweza kuharibu maombi yako ya uraia, hata kama hukukusudia.

Nataka kuchora ramani ya matokeo ya 1985. Nianzie wapi, na nini hukwamisha?

Idara ya Uchaguzi ya Virginia ina hifadhi ya matokeo ya zamani kwenye tovuti yake. Tafuta mwaka 1985, wadhifa wa naibu gavana, uchaguzi mkuu, kisha pakua jedwali la kaunti na miji.

Tatizo la kwanza ni miji inayojitegemea. Virginia mji kama huo hauko ndani ya kaunti yoyote. Unahesabiwa peke yake hata kama umezungukwa na kaunti yenye jina lile lile. Mji wa Richmond na kaunti ya Richmond haviko hata jirani. Vivyo hivyo mji wa Franklin na kaunti ya Franklin. Ukiunganisha jedwali na ramani kwa kutumia jina peke yake, kura zitaangukia mahali pasipo pao. Tumia namba za utambulisho za maeneo: mji wa Richmond ni 51760, kaunti ya Richmond ni 51159.

Tatizo la pili ni ramani yenyewe. Mwaka 1985 miji ilikuwa 41. Leo ni 38. South Boston iliingia kaunti ya Halifax 1995, Clifton Forge ikaingia Alleghany 2001, na Bedford ikaingia kaunti ya Bedford 2013. Ukitumia ramani ya sasa, safu tatu za jedwali zitakosa pa kukaa, na programu nyingi huzitupa bila kukuonya. Ama tafuta ramani ya mipaka ya miaka ya 1980, ama jumlisha kura za kila mji kati ya hiyo mitatu na za kaunti iliyoumeza kabla ya kupaka rangi. Ukimaliza, jumlisha safu zote za Wilder na za Chichester. Zisipolingana na jumla ya jimbo, anza kukagua Bedford.